Nyumba Iliyoangalia Barabara

Shemeji yangu Fabien Wilondja ni mtu mpole, na upole wake umenikasirisha mara nyingi kuliko ukali wa watu wengine. Ukimtukana, anacheka. Ukimuuliza jambo zito, anakwenda kwanza kunawa mikono, ndipo anakujibu. Ni fundi wa mashine za boti hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Mashine ikianza kukohoa katikati ya ziwa, watu humtaja yeye kabla hawajamtaja Mungu, na mikono yake inanuka petroli hata siku ya Pasaka. Amemwoa dada yangu mkubwa, Clarisse. Mimi ni Marthe, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kusema lolote linalomjia mdomoni. Ruhusa hiyo nimeitumia vizuri.

Lakini nianze na nyumba zake, maana bila kuzijua hizo utadhani gari alilokuja kununua alilinunua kwa majivuno.

Nyumba ya kwanza aliijenga mlimani alipomwoa dada, ya matofali mabichi na nyasi. Vita vikaja. Wakavuka ziwa kwenda Tanzania na sufuria moja na mtoto mgongoni, na mlango wakaufunga vizuri kama watu wanaokwenda sokoni na kurudi. Wakakaa kambini miaka na miaka, mpaka yule mtoto akaoa hukohuko. Waliporudi, walipita mahali pale bila kupatambua, mpaka Clarisse alipouona mpapai wake umesimama peke yake kwenye majani.

Ya pili aliijenga hapa Baraka, karibu na maji, ya matofali ya kuchoma na mabati. Hiyo aliipenda waziwazi. Jioni alikuwa anapitisha kiganja ukutani bila sababu yoyote. Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja polepole, wiki baada ya wiki, likaingia uani, likaingia jikoni, mwishowe samaki wadogo wakaonekana sebuleni na watoto wa jirani wakaja kuwavua kwa vyandarua. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Vita tulivikimbia wote pamoja, lakini ziwa lilichagua nyumba ya huyu na ya yule, na mtu akabaki kujiuliza amekosa nini.

Baada ya hapo walipanga chumba. Dada aliniambia kwamba Fabien halali. Anaamka, anaketi ukingoni mwa kitanda, anasikiliza. Karibu na mlango kulikuwa na mfuko wa nguo, dawa na karatasi zao zote, umefungwa, tayari kubebwa. Mfuko ule haukuwahi kubaki mtupu tangu siku waliyotoka kambini. Walikuwa wanabadilisha tu vitu vya ndani.

Basi, kulikuwa na kampuni iliyokuja kutengeneza barabara, na injinia wake alikuwa na gari la kulala kazini. Kwa nje lilikuwa gari jeupe, refu, lenye matairi ya lori. Ndani kulikuwa na kitanda cha watu wawili, kabati, meza ya kukunja, jiko la gesi la mafiga mawili, beseni dogo lenye bomba, na pazia la maua. Kazi ilipoisha, kampuni ikauza vitu vyake. Fabien alikuwa ameitwa kutengeneza pampu ya maji ya lile gari kabla halijauzwa. Aliingia ndani akiwa fundi. Alipotoka, alikwenda kuuza kiwanja alichoachiwa na baba yake kwenye barabara ya Fizi.

Habari iliponifikia niliacha ndagala juani na kumfuata mpaka kwenye karakana yake.

"Shemeji, we umeuza kiwanja ya baba yako juu ya kununua kitanda yenye magurudumu?"

"Iko na dirisha pia," akasema.

Nilimwambia mengi. Nilimwambia mwanaume bila kiwanja ni mpita njia, na kwamba watu watacheka mpaka Kazimia kwa mama. Aliniacha nimalize. Akaenda kunawa mikono, akarudi akijifuta kwenye suruali.

"Marthe, nyumba mbili niliziacha. Ile ya tatu, siku ya kukimbia, tutakimbia nayo."

Nikarudi kwenye ndagala zangu, na mimi si mtu wa kumwachia mwingine neno la mwisho.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Fabien alikuwa anaosha gari hata siku ya mvua. Dada alijaribu kusonga bukari kwenye lile jiko la gesi; kila alipokaza mwiko, sufuria ilitembea na gari zima likayumba, na watu waliokuwa wanapita nje wakaanza kukohoa na kutazamana. Siku hiyo hiyo alitoa nje mbabula yake ya makaa na hakuligusa tena lile jiko. Wageni nao hawakujua wabishe hodi kwenye kioo au kwenye bati. Akaja afisa mmoja wa mji kuuliza kama ile ni gari au nyumba, maana kila kimoja kina kodi yake. Fabien akamjibu, "Mchana iko mutuka, usiku iko nyumba." Yule afisa alicheka sana, akaondoka bila kuamua.

Na alilala. Hilo dada alilisema kwa machozi, na mimi pia nililia kidogo, ingawa nilijifanya ni moshi. Alilala usiku mzima kama mtoto aliyeshiba. Ila kila alipoegesha, popote, aliligeuza gari mpaka pua iangalie barabara. Hata pakiwa pafinyu, hata mvua ikinyesha, alisogea mbele na nyuma mpaka barabara iwe mbele yake. Mafuta hayakuruhusiwa kushuka chini ya nusu. Mfuko ulikaa palepale, karibu na mlango.

Sasa niseme jambo la mama.

Mama yetu, Adolphine, anakaa Kazimia, kwenye uwanja wa nyumba ambao baba alituachia, pamoja na kaka yetu Henri. Kwetu mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Akipita huyu, yule anakaa pembeni ya njia. Na kitu kimoja ambacho mama mkwe hawezi kukifanya kabisa ni kuingia mahali mkwe wake anapolala na binti yake, au kukiona kitanda chao. Vijana wa siku hizi wengi wameyaacha hayo, na mimi mwenyewe nilikuwa ninayacheka. Lakini mama na Fabien waliyashika. Tangu siku ya ndoa walikuwa wanaongea kupitia kwangu au kupitia dada, hata wakiwa uwanja mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

Msimu wa mvua uliopita, Fabien na Clarisse walikuwa Kazimia na gari lao, kwa sababu mashine za boti kadhaa zilikuwa zimekufa huko. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua ndagala. Asubuhi moja mama alikwenda mtoni kutoa mihogo aliyoiloweka, akateleza kwenye jiwe. Walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya. Muuguzi akamfunga mbao mguuni, akatuita pembeni. Mfupa wa paja umevunjika, alisema, lazima afike hospitali ya Baraka, na lazima asafiri amelala. Asiketi, na pikipiki tusiitaje kabisa.

Ziwa siku hiyo lilikuwa limechafuka. Boti zote zilikuwa zimevutwa juu ya mchanga, na hakuna nahodha aliyekubali hata kusikiliza maneno yetu. Mama alikuwa anauma kitenge chake ili asilie mbele za watu. Nikasema, Mungu ni mkubwa, gari la shemeji lina kitanda.

Tulimbeba mpaka uwanjani pake, gari likiwa limesimama na mlango wazi. Fabien, kwa heshima, alikuwa amekwenda nyuma ya banda la jiko na kutupa mgongo. Tulipomwinua mama ili tumwingize, alinyoosha mikono miwili akashika kingo za mlango.

"Iko nini mule?"

"Mama, iko mutuka," nikasema. "Lala tu, tuende."

"Marthe, mi sikuuliza kama iko mutuka. Niliuliza iko nini mule."

Dada akainamisha kichwa. "Iko kitanda yetu, mama."

"Basi. Munirudishe chini."

Tukamrudisha chini, kwenye mkeka. Sauti ya Fabien ikatoka nyuma ya jiko, taratibu. "Marthe, umuambie mama kama tutafunika kitanda na shuka mupya."

Mama hakuningoja. Mkwe wake humwita bukwe. "Marthe, umuambie bukwe kama kitanda yenye kufunikwa, iko kitanda."

"Umuambie mama kama mchana iko mutuka tu."

"Muulize usiku banalala wapi."

Hapo nilikasirika. Nikamwambia mama kwamba mguu wake unavimba tukiwa tunamtazama, na kwamba heshima haijawahi kuunga mfupa wa mtu. Akanitazama kwa macho yaliyojaa maumivu, akasema haya itamuua kabla ya mguu.

Ndipo nikamwona vizuri. Mama yetu naye alikimbia, na si mara moja. Naye aliacha nyumba, mbuzi, mashamba, kaburi la baba. Alichovuka nacho kila mara ni hicho tu, namna yake ya kukaa na watu, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya kwa sababu hakibebwi mkononi. Fabien alitaka nyumba ya kukimbia nayo. Mama alikuwa nayo siku zote. Hasira yangu ikaisha, nikabaki na woga tu.

Nikachungulia nyuma ya jiko kumwuliza shemeji tufanye nini. Hakuwa pale. Alikuwa kwenye pipa la maji, ananawa mikono.

Alirudi na sanduku la spana. Kile kitanda hakikuwa cha kubeba na kutoa. Kilikuwa kimefungwa kwa bolti kwenye mwili wa gari, na chini yake kulikuwa na makabati na tangi la maji. Aliingia, tukaanza kusikia chuma kinalia. Bolti nyingine zilikuwa na kutu, akazikata kwa msumeno. Akatoa meza ya kukunja. Akatoa jiko, beseni, pazia la maua. Watu walikuwa wamejaa uwanjani na hakuna aliyetania. Alipokuwa tayari kutoa kitanda alisema, "Marthe, umuambie mama afunike macho," na mama akajifunika uso mzima kwa kitenge mpaka kitanda kikapita. Alikipeleka na vijana wake wa kazi mpaka ukingoni mwa uwanja, nyuma ya migomba, wakakifunika kwa turubai.

Dada alimfuata, na mimi nikamfuata dada.

"Fabien," alisema, "unajua?"

"Minajua."

Alikuwa anajua. Mahali alipolala mama mkwe hapawi tena chumba cha mkwe. Mama akishalala ndani ya gari lile, Fabien hawezi kurudisha kitanda humo na kulala na mke wake, si mwezi ule wala mwaka unaofuata. Nyumba ya kwanza alinyang'anywa na vita, ya pili na maji. Hii ya tatu alikuwa ameivunja kwa spana zake mwenyewe, jua likiwaka, hakuna anayemfukuza. Nilitaka kumtania, maana ndiyo kazi yangu; badala yake nikamletea ufagio.

Akafagia sakafu, akatandika mkeka na godoro la kituo cha afya. Kisha akarudi nyuma ya jiko.

"Umuambie mama kama haiko tena nyumba."

Mama alikuwa bado amefunika uso. Akasema chini ya kitenge, "Marthe. Muulize bukwe, sasa ye atalala wapi?"

"Umuambie mama nitaona."

Mama akaachia pumzi, akakubali kubebwa.

Tulitundika kitenge nyuma ya kiti cha dereva ili wasionane, tukaondoka. Barabara ile, hata baada ya kampuni, si ya mgonjwa. Fabien aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kila penye shimo alisema, "Marthe, umuambie mama kuko shimo," na mama, akiuma meno, akajibu, "Umuambie bukwe nimeisikia kabla yake." Mahali fulani njiani nilisikia kitu, nikageuka, nikakuta mama anacheka na kulia kwa pamoja. Tulifika Baraka giza likiingia, madaktari wakampokea.

Mama alikaa hospitali muda mrefu. Fabien na Clarisse walirudi kwenye chumba cha kupanga, na Fabien akarudi kuketi ukingoni mwa kitanda. Gari lilianza kubeba mashine za boti, na mara nyingine wagonjwa, maana habari ilikuwa imeenea kwamba lina nafasi ya kulala. Rafiki zake walimwambia arudishe kitanda kingine humo kimyakimya, mama hatajua. Akawaambia, "Mi nitajua." Mimi nilikuwa ninamwona anapungua, na nilimchukia kidogo kwa kutolalamika. Mtu akilalamika unapata mahali pa kumshika.

Kumbe mama, hata akiwa kitandani hospitali na mguu umening'inizwa, alikuwa na jambo linalomsumbua.

"Kitanda ya bukwe inanyeshewa," aliniambia kila mvua ilipoanza.

Na kweli, turubai lilikuwa limeanza kuchanika. Mtu mwingine angesema kihamishwe, kiingizwe ndani. Kiingizwe wapi? Nyumba ya pale ni ya mama, na kitanda cha mkwe hakiwezi kulala ndani ya nyumba ya mama mkwe. Kukibeba hakuweza, kukiangalia hakuweza, kumtuma mtu akakitupe kungekuwa kumtupa mkwe mwenyewe. Nilimwambia amejifunga kamba mwenyewe kwa mila zake. Kesho yake akaniagiza kwa Henri neno moja: wajenge.

Kitanda kikabaki palepale kilipowekwa, na nyumba ikajengwa kukizunguka. Walisimamisha miti pembe nne, wakaweka bati kwanza ili mvua iishie hapo, ndipo wakajenga kuta za matofali, wakaacha dirisha. Mlango waliuelekeza ziwani, ili mtu aliye uwanjani asione ndani. Mama aliporudi Kazimia na fimbo yake, kuta zilikuwa zimefika mabegani, akasimamia ujenzi uliobaki akiwa ameketi kwenye kiti, mgongo kwa nyumba, anauliza maswali. "Ukuta imenyooka?" "Imenyooka, mama." "Nani anasema?" Hakugeuza shingo hata mara moja, na mafundi walimwogopa kuliko kama angekuwa anawatazama.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia Fabien. Nilimkuta ameinamia mashine, nikamwambia yote bila kupumua. Akaenda kunawa mikono. Akakawia. Nikamfuata, nikamkuta bado anaisugua, na ilikuwa imeshakuwa safi kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hiyo njo nyumba yenye haiwezi kukimbia," akasema.

"Ndiyo, shemeji. Lakini iko na dirisha pia."

Alicheka mpaka akalazimika kushika pipa.

Tulikwenda Kazimia wote watatu. Fabien aliegesha kama kawaida yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka pua ikaangalia barabara. Mfuko aliuacha garini, karibu na mlango. Aliingia ndani ya ile nyumba na dada, wakafunga mlango. Mimi nilikwenda jikoni kwa mama, maana hata mtu wa mdomo kama wangu anajua pa kuishia.

Asubuhi mama alikuwa ameketi anamenya mihogo, mgongo kwa migomba. Fabien alikuwa nje ya mlango wake, upande mwingine.

"Marthe," mama akasema, "muulize bukwe, ile mutuka inaangalia wapi?"

Nikauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Umuambie mama inaangalia barabara."

Mama alimaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi, akauweka kwenye maji.

"Muulize kama kuko mwenye anamufukuza."

Nikasikia maji yanamwagika, nikajua Fabien ananawa mikono. Baada ya hapo nikasikia mashine ya gari inawaka. Nikadhani amechukizwa, anaondoka. Nikatoka. Alikuwa anazunguka polepole kando ya migomba, anageuza. Aliligeuza mpaka barabara ikabaki nyuma, na pua ikafika karibu kabisa na ukuta wa nyumba. Akazima. Dada akafungua mlango wa gari, akachukua ule mfuko, akauingiza ndani.

Mama hakugeuka. Alisikiliza mpaka mlango wa gari ulipofungwa, ndipo akafunua sufuria na kuniambia mkwe wake hajala tangu jana. Nilimpelekea bukari na mkeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma, akala akiwa ameketi mlangoni kwake.